Vidole Zako Bado Ziko Premiere

Msee wa video hapa Nyakoe akihama Premiere, ile softiwea ya kuedit video, mara mob sababu ni ganji. Premiere unailipia kila mwezi, hata kama harusi zimekauka na kazi yenye iko ni matanga ya jirani, ile huwezi itisha doh ya maana. DaVinci Resolve nayo ya kuanzia ni bure kabisa. Ile kubwa, Studio, ni dola 295, unalipa mara moja mnamalizana. Mbogi ikipiga hiyo hesabu, inahama.

Noma inaanza ukishika klipu.

Kwa Premiere ya Windows, kusukuma klipu fremu moja unashika Alt na mshale wa kushoto ama kulia. Ongeza Shift, inaruka fremu tano. Kwa Resolve hiyo kazi ni ya koma na nukta: koma inarudisha nyuma, nukta inapeleka mbele, na Shift inafanya ziwe tano vilevile. Final Cut Pro ya watu wa Mac pia ni koma na nukta, ila Shift yake inaruka kumi. Kumaanisha Premiere ndio iko kivyake.

Unaweza sema fremu moja ni kitu gani. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 40. Sasa rekodi omogaka, yaani mzee, akichapa obokano, picha kwa kamera, sauti kwa rekoda pembeni. Obokano iko na nyuzi nane, na kamera imekaribia vidole. Sauti ikichelewa fremu tatu nne, hata mtoto atajua kuna kitu haiko fiti. Mausi haikusaidii hapo, juu sinapu ikiwa imewashwa inavuta klipu hadi kwa ukingo wa ile ingine. Unaweza izima, ni S kwa Premiere na N kwa Resolve, lakini bado mkono utatetemeka. Kibodi haitetemeki.

Wenye huchomeka zaidi ni wale hurudi. Kwa Premiere, koma ni ya kuingiza klipu yenye umefungua kwa dirisha la source, na nukta inaichapa juu ya chenye kiko kwa taimlaini. Msee amezoea Resolve, anakalia kompyu ya boi wake Kisii town, anabonyeza nukta akidhani anasongesha sauti kiasi. Hotuba ya mzee wa bibi harusi inafunikwa na shoti ya keki. Ctrl+Z iko, sawa, bora uwe umeona.

Kuna zenye hazijabadilika, shukuru Mungu. J, K na L bado zinacheza video nyuma, kuisimamisha na kuipeleka mbele. Alt na mshale wa juu ama chini inapandisha na kushusha klipu kwa treki, kote kote. Halafu Resolve iko na moja tamu: Ctrl+Shift+koma ama nukta inabadilishana klipu na jirani yake. Kwa Premiere hiyo unavuta na mausi ukishika Ctrl na Alt. Na kama koma imeanza maajabu, inakata ukingo badala ya kusongesha, pengine ulibonyeza T ukaingia kwa trimu. Bonyeza A urudi.

Watu watakuambia, si uchague tu preseti? Ni kweli. Fungua Ctrl+Alt+K ndani ya Resolve, juu pale chagua Adobe Premiere Pro, na shotikati zako za kitambo zinarudi. Unaweza hata kuieksipoti utembee nayo kwa flashi. Lakini huku kwetu lapi ni za kuazimana. Leo uko kwa yako, kesho yako imekufa chaji na unamalizia kazi kwa ya msee mwingine, na si kila mtu anataka ukoroge kibodi yake. Shotikati za kiwanda ndizo utapata kila mahali.

So buda, siz, kama harusi ni hii Jumamosi, weka preseti ya Premiere umalize kazi ya watu bila stori mob. Jumatatu itoe.