KIGALI KWA MIGUU: ASKARI AKIWA MGENI WA MJI ANAOULINDA

Mji wa Kigali wengi wetu tunaujua kwa lindo na doria. Tunajua barabara ipi hufungwa msafara unapopita, mteremko upi huwa na utelezi mvua inaponyesha, na saa ambayo pikipiki za abiria hujazana mjini kama nyuki. Huo ndio ujuzi wa kazi, na hauna budi kuheshimiwa. Lakini muulize askari apitaye kila siku kando ya ukuta wenye matundu ya risasi, matundu yale yalitobolewa lini, na nani alikuwa ndani. Mara nyingi atakuelekeza kwa mkubwa wake, na mkubwa naye atatazama saa.

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya alipata siku moja ya mapumziko, akaitumia kuzunguka mji huu akiongozwa na mtembeza wageni, kama wafanyavyo watalii. Walikuwapo pia maofisa wawili wageni waliokuja nchini kwa mafunzo: kapteni mmoja kutoka Tanzania na inspekta wa polisi kutoka Uganda. Wako waliocheka. Mwenyeji akodi mtu wa kumwonyesha kwake? Jawabu ni kwamba mwenyeji hutazama anapokwenda, ila mgeni hutazama alipo.

Ziko njia mbili za kutembezwa. Ya kwanza ni kuingia katika kundi la watu kumi au ishirini, ukasikiliza kinachosemwa na kuondoka kundi linapoondoka. Ya pili ni kumchukua kiongozi kuwa wako peke yako kwa siku nzima, mkapatana malipo na njia asubuhi kabla ya kuondoka. Hii ya pili ina gharama zaidi, lakini mkiwa watatu mzigo unagawanyika, na faida yake ni kubwa: unaweza kusimama mahali pamoja kwa saa nzima, na unaweza kuuliza swali ambalo ungeona haya kuliuliza mbele ya wageni. Kwa askari hilo la pili lina uzito.

Kiongozi wetu alikuwa binti mzaliwa wa Nyamirambo, mwenye umri usiofika miaka thelathini, maana yake alizaliwa baada ya mwaka 1994. Alizungumza Kiswahili safi cha mtaani kwao. Tulikuwa tumevaa kiraia, hata hivyo dakika tano hazikupita kabla hajaanza kutuita "afande". Tulipomwuliza amejuaje, alijibu kwamba raia hawapangi mstari wanapovuka barabara.

NYUMBA YA DAKTARI

Kigali haina Taj Mahal. Msomaji aliyepata kutembezwa katika miji ya kale ya India, kama Agra au Delhi, au hata katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, asitarajie kuona kuba za marumaru wala milango ya nakshi. Jengo ambalo mji unalihesabu kuwa chanzo chake ni nyumba ya wastani juu ya kilima cha Nyarugenge, nyumba ya Richard Kandt.

Kandt alikuwa daktari Mjerumani. Alifika Rwanda mwaka 1898 kwa safari yake mwenyewe ya kutafuta chemchemi za mto Nile, akafuata mto Rukarara hadi msitu wa Nyungwe. Mwaka 1907 serikali yake ilimfanya Mkazi, yaani mwakilishi wake, naye akakichagua kilima hiki kwa kuwa kiko karibu na kitovu cha nchi. Wakati huo makao ya mfalme yalikuwa Nyanza, na Kigali hapakuwa na mji. Tangu mwaka 2017 nyumba hiyo inaitwa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt, nayo inaonyesha habari za utawala wa Wajerumani.

Jambo lililotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili ni hili. Pamoja na Kandt walikuja askari wa Kijeshi cha Kijerumani waliotoka upande wa pwani na bara ya Tanganyika, wakafuata wafanyabiashara Waarabu na Wahindi. Lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Basi lugha hii haikuingia Kigali kama mgeni aliyekuta mji umekwisha jengwa. Ilikuwapo mawe ya kwanza yalipowekwa. Mwaka 2017 Bunge liliipitisha kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Inspekta alisema kwao Uganda lugha hii ilichukiwa na raia kwa miaka mingi kwa sababu walizoea kuisikia kwenye vinywa vya askari waporaji. Hakuna aliyembishia.

Utawala wa Wajerumani haukudumu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigali. Wabelgiji hawakuupenda sana mji huu. Shughuli kubwa za utawala walizipeleka Usumbura na Astrida, ambayo leo ni Huye. Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, mji mkuu ulikuwa kijiji kikubwa chenye watu elfu chache tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7.

NGUZO KUMI

Kutoka Nyarugenge si mwendo mrefu hadi ilipokuwa Kambi Kigali. Hapa tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, na hapa napenda kukaa pamoja na msomaji.

Kwenye uwanja mdogo zimesimama nguzo kumi za mawe. Kila nguzo ni ya askari mmoja wa Ubelgiji, na mikato iliyochongwa juu yake ni hesabu ya miaka aliyoishi. Kapteni alizihesabu moja baada ya nyingine kwa kidole, kimya. Nyuma ya nguzo liko jengo dogo ambalo kuta zake zimeachwa kama zilivyokuwa, zimejaa alama za risasi.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kuangushwa, askari hao wa jeshi la Umoja wa Mataifa walitumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, ili afike redioni na kuzungumza na wananchi. Nyumba yake ilizingirwa. Wabelgiji walinyang'anywa silaha, wakaletwa katika kambi hii, wakauawa. Waziri Mkuu naye aliuawa siku hiyo hiyo. Askari wa Ghana waliokuwa pamoja nao waliachiliwa.

Kiongozi wetu aliyaeleza hayo bila kupandisha sauti. Kisha inspekta akauliza lile swali ambalo kila mwenye sare hulifikiria akisimama pale: waliowaua walikuwa nani? "Askari, afande," alijibu. "Walikuwa askari wa kambi hii."

Ni jambo zito kwa mtu wa kazi yetu kulisikia kutoka kwa kijana wa kiraia. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanamgambo wa Interahamwe walishika mapanga na marungu, lakini sehemu kubwa ya jeshi na jandarmeri ya wakati ule iliongoza, iligawa silaha na kuua. Siyo sahihi kuyasema hayo kwa kunong'ona eti kwa kulinda heshima ya sare.

Kifo cha wale kumi kilizaa jambo jingine. Ubelgiji iliondoa kikosi chake chote. Tarehe 11 Aprili, askari wake waliokuwa katika shule ya ufundi ya ETO huko Kicukiro walipanda magari wakaondoka, wakawaacha watu wapatao 2,000 waliokimbilia kwao. Wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo karibu na hapo. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua jeshi la Umoja wa Mataifa lipunguzwe kutoka watu wapatao 2,500 hadi 270. Jenerali Roméo Dallaire wa Canada alibaki na wachache, na katika hao wachache Waghana walikuwa wengi, chini ya Jenerali Henry Anyidoho.

Kapteni alitaka kujua kama walioondoka Kicukiro walitii amri. Walitii. Tulibishana juu ya hilo tukiwa tumesimama chini ya jua, binti akitusubiri kwa adabu, na hatukukubaliana.

Huyo binti ndiye aliyelitaja jina la Kapteni Mbaye Diagne. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi kutoka Senegal, asiye na silaha. Siku ile ile ya tarehe 7 aliwakuta watoto watano wa Waziri Mkuu wamefichwa, akawapeleka mahali pa salama. Kwa majuma yaliyofuata aliendesha gari la Umoja wa Mataifa kupita vizuizi vya wauaji, akiwabeba watu wachache kwa kila safari, akiwalegeza walinzi wa vizuizi kwa sigara na mizaha. Waliookolewa naye huhesabiwa kwa mamia. Tarehe 31 Mei 1994 kipande cha kombora la mzinga kilimwua kwenye kizuizi humu humu Kigali. Alikuwa na miaka 36. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake. Ni vigumu kuelewa kwa nini jina hili bado halifahamiki katika mabweni yetu kama yanavyofahamika majina ya wachezaji mpira.

Mwaka 2015 mkutano uliofanyika mjini hapa ulitoa ahadi 18 juu ya kuwalinda raia katika operesheni za amani, zinazoitwa Kanuni za Kigali. Ofisa anayetumwa nje atazisoma darasani. Afadhali azisome baada ya kuziona zile nguzo.

CHAI YA NYAMIRAMBO

Adhuhuri tulishuka Biryogo na Nyamirambo. Hapa ndipo walipokaa wazao wa wale askari na wafanyabiashara wa zamani. Wakati wa Wabelgiji palijulikana kama kambi ya Waswahili. Msikiti wa Al-Fatah ulianza mwaka 1913, mwaka ule ule lilipojengwa kanisa la Sainte-Famille mjini. Uwanja wa mpira wa hapa tangu mwaka 2023 unaitwa kwa jina la Pelé.

Katika mtaa huu wako akina mama wanaostahili kutajwa. Mwaka 2007 wanawake kumi na wanane waliunda kituo chao, Nyamirambo Women's Center, wakafundishana kusoma na kushona, na baadaye wakaanza kuwatembeza wageni kwa miguu katika mtaa wao wenyewe: kwa msusi, kwa fundi cherehani, dukani kwa maziwa, kisha chakula cha mchana nyumbani. Hapa utalii si basi lenye vioo vyeusi. Mgeni anatoa salamu, anajibiwa.

Tulikula mishikaki, ambayo Kigali huitwa brosheti, tukanywa chai ya mnanaa katika barabara iliyofungwa magari na kupakwa rangi. Binti alitumia nafasi hiyo kutueleza shida moja ya kazi yake, naye aliomba tuifikishe. Mgeni akipiga picha ya jengo lisiloruhusiwa, askari huja mbio na kumkemea. Mgeni haelewi, huogopa, na siku yake huharibika. Kama askari angemwendea kwanza kiongozi na kumweleza kwa upole, picha ingefutwa na safari ingeendelea. Sheria ya picha iko na sababu zake, wala hakuipinga. Alichoomba ni namna ya kusema. Naifikisha.

GISOZI NA KIMIHURURA

Alasiri tulikwenda Gisozi, kwenye ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2004, ambamo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kumbukumbu za Nyamata, Murambi na Bisesero. Hapo kiongozi hakusema neno. Alitukabidhi mlangoni akakaa bustanini, kwa kuwa, alisema, ndani kuna sauti za kutosha. Sitaeleza chumba cha watoto; aliyekiona anakijua, na asiyekiona aende.

Mwisho tulipanda Kimihurura, kwenye jengo la Bunge. Tangu Desemba 2017 sehemu yake ni makumbusho ya vita vya kuyasimamisha mauaji ya kimbari. Kufuatana na mapatano ya Arusha, tarehe 28 Desemba 1993 askari 600 wa RPA waliletwa kukaa hapa kuwalinda viongozi wao wa kisiasa. Vita vilipoanza tena Aprili 1994 walijikuta kisiwani, jirani yao wa karibu akiwa ni kikosi cha walinzi wa Rais, na wenzao wakiwa mbali huko Mulindi. Walishikilia jengo, wakatoka nje kuwaokoa raia waliokuwa karibu, hadi wenzao walipowafikia. Kigali ilikombolewa tarehe 4 Julai.

Matundu ya makombora yangali yakionekana ukutani. Juu ya paa iko sanamu ya askari akiwa kwenye bunduki kubwa ya rashasha, na kutoka hapo mji wote uko chini ya macho yako, kilima baada ya kilima. Kapteni alilala kifudifudi kidogo kupima upeo wa bunduki, mlinzi wa makumbusho akamtazama kwa wasiwasi. Binti alimwambia mlinzi asihofu, ni afande tu. Kisha akatukumbusha kwamba kama tunataka kurudi na wenzetu, tusichague Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani asubuhi hiyo ni ya umuganda, naye atakuwa na jembe mkononi mpaka shughuli itakapokwisha.