Samaki na Mboga kwa Maji Yale Yale: Mwulize Jirani Wangapi Walikufa

Mkoa wetu wa Mara umepakana na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, walakini zipo nyumba, hata zile ambazo ziwa laonekana kutoka mlangoni, ambamo samaki haliwi juma zima. Sangara mzuri huenda kiwandani, sato amepanda bei, na dagaa anagombewa na watengenezaji wa chakula cha kuku. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, lakini mojawapo twaijua sote: sahani yenye ugali mwingi na kitoweo kidogo mno.

Ndiyo maana tunawaunga mkono wale wanaojaribu kufuga samaki uani, hasa wanaounganisha samaki na mboga katika maji yale yale. Wataalamu huuita ufugaji wa namna hii akwaponiki. Jina ni geni, lakini kazi yenyewe si ngumu kueleweka. Simtanki la lita 1000 hukatwa juu na kuwekwa sato. Kando yake hujengwa kitanda kilichoinuliwa na kujazwa kokoto, na pampu ndogo hupandisha maji ya samaki kwenye kokoto hizo. Samaki akila hutoa uchafu wenye amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Juu ya kokoto hukaa vijidudu viitwavyo bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea. Mchicha, figiri au sukuma wiki hufyonza mbolea hiyo, na maji yaliyosafika hurudi kwa samaki. Kwa kuwa maji huzunguka, unaongeza tu yale yaliyopotea kwa jua na yaliyonywewa na mimea. Kwa mtu wa Butiama, ambaye hachoti ziwani kama mwenzake wa Musoma, jambo hilo si dogo.

Mtaalamu James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin walifanya kazi hii kwa miaka mingi wakitumia sato, na mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu kizima cha akwaponiki ya nyumbani. (Sato huyu tunayemwita wetu aliletwa katika ziwa letu miaka ya 1950, mwenyeji wa tangu zamani ni ngege.) Lakini kitabu hakikai kwa kila mtu. Anayeanza huanza kwa kumwuliza jirani, na hapo ndipo tunapotaka kukaa leo, kwa maana jirani aweza kukupa ujuzi nusu, na nusu ile ya pili ndiyo inayoua samaki.

Chachu ya maji

Kosa la kwanza la wanaoanza ni haraka. Tangi likijaa maji leo, kesho vifaranga 100 wamo ndani. Siku za mwanzo wanacheza vizuri, kisha wanaanza kufa mmoja mmoja, na mwenye tangi hajui kwa nini, kwani maji anayaona safi. Ukweli ni kwamba kokoto zake bado ni mawe tu. Bakteria huhitaji muda wa majuma manne hadi sita ili wawe wengi wa kutosha, na kabla ya hapo amonia hujikusanya bila kuonekana kwa macho.

Hapa jirani mwenye tangi la zamani aweza kukufaa kuliko duka lolote. Kila mama anayegandisha maziwa anajua kwamba mtindi wa jana ukiachwa kidogo kibuyuni, maziwa ya leo huganda upesi. Kokoto ni hivyo hivyo. Ndoo moja ya kokoto mbichi kutoka kitanda kilichozoea kazi, zikichukuliwa zikiwa na unyevu na kutiwa katika kitanda chako siku hiyo hiyo, hupunguza sana siku za kungoja. Usizioshe kwa maji ya bomba, maana klorini huua bakteria wale unaowataka. Maji ya bomba yenyewe yafaa yakae wazi siku moja au mbili kabla ya kutiwa tangini.

Hata hivyo, ndoo hiyo hiyo yaweza kubeba ugonjwa. Kabla ya kupokea kokoto, tazama samaki wa mtoaji. Wakiwa na vidonda, utando mweupe kama pamba, au wanajikwaruza ukutani, mshukuru jirani yako na urudi nyumbani mikono mitupu.

Swali lenyewe

Ukimtembelea mfugaji, usiulize tu, "Unalisha nini?" Mwulize, "Wangapi walikufa, na lini?" Wengi huona haya kulijibu swali hilo. Mtu hukuonyesha sato mnene na mchicha uliostawi, lakini juu ya wale 60 aliowazika chini ya mgomba hasemi. Nawe ukirudi nyumbani unarudia yaleyale, unazika wako 60.

Ipo pia sababu nyingine inayotufanya tulisisitize jambo hili. Samaki wote wakikutwa wanaelea alfajiri, lawama huweza kumwangukia jirani: ametia sumu, au ana jicho baya. Basi yafaa kila mmoja ajue kwamba hewa ndani ya maji huwa kidogo kuliko wakati mwingine wowote karibu na mapambazuko, kwa sababu usiku mimea ya majini na ukijani wa maji havitengenezi hewa bali navyo vyaitumia. Maji ya moto hubeba hewa kidogo zaidi. Kama samaki ni wengi, au chakula kilibaki na kuoza, au umeme ulikatika usiku na pampu ikasimama, asubuhi utawakuta wamekufa wala hakuna mtu aliyekuja uani kwako. Dalili ya kabla ni samaki kuja juu na kuachama midomo. Ukiona hivyo, acha kulisha, chota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu tena na tena hadi watulie. Nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara isizidishe kilo 10 za samaki katika lita 1000, yaani kama sato 40 wa robo kilo.

Kuhusu kulisha, kipimo cha kitabu tulichokitaja ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani. Ukizidisha, mboga hazitaweza kusafisha maji. Ukipunguza mno, mboga hubadilika rangi na kudumaa. Chakula kisichomalizika ndani ya nusu saa kitolewe.

Mashauri ya kuchuja

Mashauri mengine yanayopita kutoka ua mmoja hadi mwingine ni ya kuangaliwa vizuri. Wapo wasemao majani machanga yakigeuka njano utumbukize misumari yenye kutu. Ni kweli kwamba njano ya namna hiyo mara nyingi ni upungufu wa chuma, lakini kutu haifyonzwi na mimea kwa urahisi. Chuma cha mimea kinachoyeyuka majini huulizwa katika maduka ya pembejeo. Wengine hutengeneza tangi kwa bati jipya, nao hawajui kwamba zinki ya bati hudhuru samaki. Kuhusu kokoto, watu wa Musoma wana bahati, kwani mawe yetu ya matale yanafaa sana. Ukitia shaka juu ya jiwe, lidondoshee maji ya limau: likitoa mapovu lina chokaa, na litaharibu kipimo cha maji.

Shauri la hatari kuliko yote ni lile la dawa za wadudu. Dawa nyingi za dukani za kunyunyizia mboga huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Utupa, ambao wazee waliupondaponda ili kuvulia samaki mitoni, wengine huutumia bustanini kama dawa ya asili. Wasisahau uliitwaje na kwa kazi gani. Hata mwarobaini, ukimwagika majini kwa wingi, huwadhuru. Wadudu wa kitanda kidogo waondolewe kwa mkono.

Nayo samadi? Katika bwawa la udongo wengi hutia samadi ya ng'ombe au ya kuku ili maji yapate ukijani, na samaki hunenepa. Lakini maji ya namna hiyo yasimwagiwe kachumbari wala mboga iliwayo mbichi, na katika tangi la akwaponiki samadi isitiwe kabisa. Mboga zioshwe, samaki aive.

Mbu na kichocho

Tunajua kwamba majirani wasiofuga hulalamika juu ya mbu, na malalamiko yao yana msingi. Watafiti waliochunguza mabwawa ya Kisii, ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya, walieleza mwaka 2007 kwamba mabwawa yaliyotiwa sato yalipunguza viluwiluwi vya mbu waenezao malaria kwa zaidi ya asilimia 94 katika majuma 15. Mwaka uliofuata wakaeleza upande wa pili: mabwawa yaliyoachwa na wenyewe, yakiwa na maji bila samaki, yalikuwa mazalio makubwa ya mbu hao. Basi mwenye kuchoka kufuga asiache shimo lina maji. Alikaushe au alifukie. Na mwenye kitanda cha kokoto ahakikishe maji yanabaki sentimeta mbili hadi tano chini ya kokoto za juu, ili mbu asipate pa kutagia. Bwawa liwekwe uzio, maana mtoto mdogo huzama hata penye maji ya magotini.

Kichocho chataka uangalifu zaidi huku kwetu. Mayai ya minyoo hutoka katika mkojo au kinyesi cha mgonjwa, yakafika majini, vijidudu vikaingia katika konokono, vikatoka wengi zaidi na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mtu wa Bunda au Musoma anayeleta magugu ya ziwani ili kufunika tangi lake, au kuchota maji ufukweni pamoja na konokono, anahamishia kichocho uani pake. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa katika muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo maji ya ziwa yakipitishwa kitambaani kuondoa konokono na kukaa siku mbili kamili huwa na hatari ndogo. Choo kiwe mbali na chini ya mteremko. Anayeona damu kwenye mkojo au choo, au mtoto aumwaye tumbo kila mara, apimwe katika zahanati. Dawa ya prazikwanteli ipo, nayo hutolewa kwa uzito au kimo cha mgonjwa, wala si ya kugawana nyumbani.

Daftari

Wafugaji watatu au wanne wa mtaa mmoja wanatosha. Kila mmoja awe na daftari la shule lenye safu za tarehe, chakula kwa gramu, samaki waliokufa, maji yaliyoongezwa, na jambo lolote lisilo la kawaida, kama vile umeme kukatika au mvua kubwa. Anayeuliza ushauri alete daftari lake. Afisa uvuvi wa halmashauri naye atasaidia zaidi akikuta maandishi kuliko akikuta huzuni, na kwa mafunzo marefu zaidi vyuo vya uvuvi vya Nyegezi huko Mwanza na Gabimori huko Rorya haviko mbali nasi. Vifaranga wanunuliwe kwa wazalishaji wanaojulikana, tena madume watupu ikiwezekana, kwani sato wakichanganyika huzaana upesi na kujaza tangi kwa samaki wadogo wasiofaa kitoweo.

Mkitembeleana, msiende jioni mnapotoka kazini. Nendeni saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, mkasimame kimya kando ya tangi. Ndipo mtakapoona kama samaki wanaachama juu ya maji, na kwa nani.