Tuta la Barabarani: Kujaribu Utulizaji wa Mwendo katika Mitaa ya Kitale na Bungoma

Neno "tuta" lilikuwa la shambani kabla ya kuwa la barabarani. Mkulima hukusanya udongo kwa jembe, akauinua, kisha akapanda viazi vitamu juu yake. Leo katika miji ya Kitale na Bungoma neno lilo hilo humaanisha pia kinundu kinachokatiza barabara ili dereva alazimike kupunguza kasi. Tofauti ni kwamba tuta la shambani hutengenezwa na yule anayelihitaji, ilhali lile la barabarani, kwa mujibu wa sheria, ni kazi ya mamlaka inayomiliki barabara. Hata hivyo, mtoto anapogongwa mtaani, aghalabu wakazi hawangoji mamlaka. Hushika majembe na mawe siku iyo hiyo. Makala haya yanajadili namna hatua za kutuliza mwendo wa magari zinavyoweza kujaribiwa katika mitaa ya makazi kabla ya kujengwa kwa kudumu, na kwa nini jaribio lisilopimwa halimfai mtu.

Miji hii miwili imekaa kando ya njia za mbali. Kitale imepitiwa na barabara kuu ya A1, itokayo Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, ikapita Kisumu, Kakamega na Webuye, kisha ikaelekea Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini. Bungoma nayo, kupitia njia panda ya Kanduyi, imeungana na barabara ya malori yaendayo Malaba na Uganda. Serikali ya Kaunti ya Bungoma iliipanua barabara ya kutoka Kanduyi hadi Musikoma ikawa ya njia mbili kila upande. Upanuzi wa aina hiyo hupunguza msongamano, lakini barabara pana humwalika dereva kukanyaga mafuta, na mazoea hayo huingia naye mtaani. Mitaa kama Tuwani, Matisi na Mitume mjini Kitale, au Mjini na Mandizini mjini Bungoma, haikukusudiwa mwendo wa barabara kuu. Humo watu hutembea na kuendesha baiskeli, na watoto huenda shule bila kusindikizwa.

Sheria ya Trafiki ya Kenya imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini. Je, kikomo hicho chatosha mtaani? Ukali wa mgongano hukua kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo gari liendalo kilomita 50 hubeba nguvu karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Katika barabara kavu, dereva wa kilomita 30 huhitaji takriban mita 13 ili asimame tangu anapoona hatari. Yule wa kilomita 50 huhitaji karibu mara mbili ya hizo. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililoungwa mkono na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Agosti mwaka huohuo, lilitaka kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo waenda kwa miguu na waendesha baiskeli huchanganyika na magari mara kwa mara. Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka tangu 2021, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni la watembeao kwa miguu. Kibao chenye namba 30 hakitabadilisha hali hiyo peke yake. Askari hawezi kusimama katika kila kichochoro. Umbo la barabara lenyewe halina budi kufanya kazi yake.

Mfano ulio karibu na wenye uzito ni wa Dar es Salaam. Shirika la Amend lilichagua shule za msingi 18 zilizokuwa hatarini. Shule 9 zilitangulia kupata matuta, vivuko vya milia, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari, na 9 zilizobaki zikatumiwa kama kipimo cha kulinganishia. Familia za wanafunzi zaidi ya 12,000 ziliulizwa kuhusu majeraha, kabla na baada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba majeraha ya barabarani yalipungua kwa takriban asilimia 26. Mwaka huohuo mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ross ya miji, inayotolewa na Taasisi ya Rasilimali za Dunia. Matuta yenyewe hayakuwa jambo geni Dar es Salaam. Ugeni ulikuwa katika kuhesabu kabla ya kujenga, kisha kuhesabu tena.

Ama kuhusu umbo la tuta, hapa ndipo penye kosa kubwa la matuta ya majembe. Tuta fupi lenye mgongo mkali humrusha mwendesha baiskeli na kumwaga mzigo wake wa maziwa, huku dereva wa gari kubwa akiliruka kwa kasi bila kusikia mengi. Watafiti wa Uingereza katika miaka ya 1970 walifikia umbo la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 kwa kufuata barabara na kimo cha sentimita 10. Umbo hilo humsumbua anayekimbia na humwachilia aendaye taratibu. Udongo mtupu hauwezi kulihifadhi. Mvua za Kitale, zinyeshazo kwa miezi mingi, hulisawazisha tuta la udongo au huligeuza kuwa bwawa. Lazima maji yaachiwe mwanya pembeni, nao mwanya huohuo humfaa mwenye baiskeli.

Humfaa pia mwenye pikipiki, na hilo ni tatizo la pekee la miji hii. Bodaboda ilizaliwa jirani hapa, mpakani Busia, ikiwa baiskeli. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, baiskeli ilianza kupokonywa abiria wake. Kwa hiyo tuta linalomzuia mwenye gari na kumpisha mwenye pikipiki litakuwa limetatua nusu tu ya jambo. Yafaa zijaribiwe njia nyingine pamoja nalo: kivuko kilichoinuliwa kutoka ukingo hadi ukingo huku maji yakipitishwa chini kwa bomba, au kona iliyobanwa kwa mapipa ya udongo na magurudumu chakavu yaliyopakwa rangi nyeupe. Vifaa hivyo ni vya bei nafuu, na uzuri wake ni kwamba huondolewa kwa siku moja visipofaa.

Kipimo nacho hakihitaji mitambo. Wanafunzi wawili wakichora mistari miwili iliyoachana kwa mita 50, kisha wakawa na saa, watajua mengi. Gari likipita baina ya mistari kwa sekunde 6, liko katika kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde zisizozidi 3.6, limefikia kilomita 50 au kuzipita. Wapime asubuhi shule zikiwa wazi, siku za soko na siku za kawaida, kabla ya mapipa kuwekwa na baada yake. Wapime pia mtaa wa jirani, kwa kuwa huenda madereva wakahamishia mbio zao huko.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwenye duka atahofia kukosa nafasi ya kushushia bidhaa, mwenye bodaboda atalalamikia muda, na mkazi wa nyumba ya pembeni kelele za breki. Dereva wa gari la wagonjwa ana hoja nzito kuliko wote, na njia anayoitumia kufikia hospitali isiwekewe tuta kali. Tangu Katiba ya 2010, barabara za kaunti na usimamizi wa trafiki na maegesho ni wajibu wa serikali za kaunti. Barabara kuu kama A1 iko mikononi mwa Mamlaka ya Barabara Kuu. Kwa hiyo wakazi wa Matisi au Mandizini watakaotaka jaribio waanze kwa kuuliza barabara yao ni ya nani, kisha waombe kwa maandishi, wakitaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na nani atakayeyaondoa mapipa siku hiyo ikifika.