Si Virusi, Ni Betri ya Saa

Kila stima ikipotea na kurudi, kipakatalishi cha binti yangu kilitoa onyo lile lile: tovuti si salama. Fundi alisema ni virusi, akataka kufuta kila kitu. Humo mlikuwa na kazi za chuo za miaka miwili. Nikamwambia angoje.

Tulipotazama pembeni mwa skrini, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Kumbe chanzo ni hicho. Tovuti salama huwa na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kompyuta huzilinganisha siku hizo na saa yake yenyewe. Saa ikiwa nyuma, cheti kizuri huonekana hakijaanza kutumika, na onyo hutokea.

Ndani ya mashine nyingi mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ya volti 3, mara nyingi aina ya CR2032. Ndiyo inayoiendesha saa mashine ikizimwa. Yetu ilikuwa imekwisha, na betri kubwa nayo ilikufa zamani.

Nawe yakikukuta, rekebisha tarehe kwanza. Tovuti zikifunguka, zima mashine, chomoa waya usiku kucha, uwashe asubuhi. Tarehe ikiwa imerudi nyuma tena, mwambie fundi abadilishe betri ya saa, asifute kitu. Lakini tarehe ikiwa sawa na onyo likabaki, usiandike neno lako la siri hapo.