Chakula cha Wiki na Sahani ya Mama

Kila mwezi, zipitapo siku 20, nyumba nyingi za hapa kwetu Pwani huanza kula kwa daftari la dukani. Mchele huandikwa, mafuta huandikwa, na mshahara wa mwezi ujao huliwa kabla haujafika. Anayejibana mwanzo ni mama: huwapakulia watoto, humwekea mumewe, kisha yeye hubakia na ukoko na chai. Upungufu wa nyumba nzima huwa umefichwa katika sahani ya mtu mmoja.

Twaonelea dawa yake ni mume na mke kukaa pamoja mara moja kwa wiki, kama vile Ijumaa baada ya Alasiri, wakapanga milo ya siku saba. Kikao hicho chahitaji kalamu, daftari na ukweli kuhusu fedha zilizopo.

Kwanza, lifungueni kabati kabla ya kufungua pochi. Andikeni kilichomo, pangeni milo itakayoanzia hapo, ndipo muandike cha kununua. Aendaye Kongowea au Marikiti bila orodha hurudi na vitunguu juu ya vitunguu alivyoviacha nyumbani.

Pili, chungu kimoja kitoe milo miwili. Mbaazi zikirowekwa usiku kucha huiva upesi, na makaa au gesi hupungua. Zichemsheni za mara mbili, kisha mzigawe kabla ya kutia tui, kwani chakula chenye tui huchacha haraka. Fungu moja liungwe kwa nazi, liliwe na wali usiku; la pili liwekwe katika friji, liungwe asubuhi kwa mahamri. Asiye na friji azigawe baina ya mchana na usiku wa siku hiyohiyo.

Tatu, fuateni majira. Wakati wa kusi, baina ya Aprili na Septemba, bahari huchafuka, wavuvi wengi hawawezi kutoka mbali, na samaki huadimika. Hiyo ni miezi ya kunde, pojo, maharagwe na ng'onda. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki wa kupaka hurudi katika sinia zetu. Mwenye kulazimisha changu kila Ijumaa ya kusi hulipia upepo.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu, mkihesabu walaji mumhesabu na mama. Samaki wakiwa watano na watu ni saba, wakatwe vipande tangu jikoni, kila mtu apate chake. Mama mjamzito au anyonyeshaye asipunguziwe hata kidogo. Kula pamoja katika sinia moja kwasaidia pia, kwani asiyekula huonekana.

Mwisho wa wiki kikisalia kitu, lipunguzwe deni la dukani kabla ya kununua kipya. Ikiwa siku saba ni nzito, anzeni na tatu. Na akina baba, mkiambiwa na mkeo "mimi nimeshakula", inukeni mkatazame chungu.

Mwenyezi Mungu azitilie baraka riziki zetu, na atuepushe na israfu na ubahili. Amin.