Jicho la siku ya tatu

Mkunga anapofungua jicho la kichanga lililovimba, husimama ubavuni, kamwe si mbele. Usaha uliobanwa chini ya kope unaweza kumrukia machoni. Nilipolisikia hilo kwa mkunga mmoja aliyezalisha Karungu, Migori, kabla ya kuhamia Mbita, Homa Bay, sikulisahau.

Huvaa glavu na miwani, akaosha kwa maji safi ya chumvi kutoka pembe ya pua kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Usaha ni mzito, wa manjano. Ukiufuta, muda si muda umejaa tena. Ana haki ya kuharakisha. Mtoto huambukizwa kisonono katika njia ya uzazi akizaliwa, macho yakavimba kati ya siku ya 2 na ya 5, na konea inaweza kutoboka kwa siku moja tu. Klamidia, inayoambukizwa vivyo hivyo, huchelewa kidogo.

Kinga ya maambukizi haya ni mafuta ya tetrasaiklini, mstari mwembamba ndani ya kope la chini mara mtoto anapozaliwa. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1988, wenye vichanga zaidi ya 2,700, ulionyesha yanafanya kazi. Lakini aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa nyamrerwa, mkunga wa jadi, huyakosa, na macho yakianza kutoa tongo hutiliwa maziwa ya mama kwanza. Siku zinapotea hapo.

Mtoto hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni. Kwa mkunga, hiyo ndiyo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumweleza mama. Kliniki ya wajawazito hupima virusi vya ukimwi na kaswende. Kisonono hakipimwi kwa kawaida, na wanawake wengi hawahisi lolote. Sasa mama huyu ataambiwaje, mama mkwe akiwa amekaa palepale? Humtuma mama mkwe akatafute chai, ndipo azungumze na mzazi kwa sauti ya chini.

Baba naye yuko ziwani, leo Muhuru Bay, kesho Remba, akifuata omena. Kadi ya kumwita atibiwe hubebwa na mkewe, yuleyule atakayeulizwa ugonjwa ameutoa wapi. Habari za jaboya, ngono ya kubadilishana na samaki, kila mtu ufuoni anazijua, ila lawama humwangukia nani?

Kinachomsumbua mkunga zaidi ni kijitabu cha kliniki, maana kinarudi nyumbani na kusomwa. Akiandika kisonono, mama anaweza kufukuzwa. Asipoandika, mhudumu wa kituo kinachofuata hatajua kwamba kuna mtu mzima ambaye bado hajatibiwa.