Kompyuta 40 za Laeken na kazi ya kijijini

Ninaandika kutoka Laeken, huku kaskazini mwa Brussels ambako mvua haina msimu.

Naomba kuchangia suala ambalo sisi tulio nje tunalipenda sana na, kwa maoni yangu, hatulielewi vizuri: kuwafundisha kompyuta vijana wa vijijini ili wapate kazi. Limenirudia kwa sababu ya mzigo uliomo kwenye stoo ya chini ya jengo letu, si mbali na kituo cha Bockstael. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na ofisi nyingi za hapa zikaanza kuondoa mashine zisizoweza kupokea Windows 11. Kampuni moja ikakipa chama chetu mashine 40, bure kabisa. Wanachama wakashangilia: "Profesa, hizi moja kwa moja kijijini!" Mimi nikanyamaza, maana niliwahi kushangilia hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka 2009. Tulichanga, tukajaza mashine za mezani kwenye kontena, tukazituma kwenye chuo kimoja cha kusini mwa Tanzania. Nilipokwenda kuzitazama 2011, zilizokuwa zikiwaka zilikuwa chache. Vumbi, umeme unaopanda na kushuka, hakuna fundi, hakuna vipuri, hayo mnayajua. Lakini hilo silo lililoniuma.

Kilichoniuma ni binti mmoja aliyehitimu pale, mwenye cheti kizuri chenye muhuri. Aliitwa kwenye usaili wa ukarani mjini, akaketishwa mbele ya kompyuta, akashindwa hata kuanza. Kumbe alifundishwa kwa Office 2003, na mashine ya usaili ilikuwa na Office 2007, ambayo ilibadilisha kabisa mpangilio wa sehemu ya juu ya skrini. Akaniambia, "Shikamoo baba, mimi nilijua kuhifadhi ni neno la nne kutoka juu. Pale halikuwepo." Alikuwa ameishia darasa la saba, Kiingereza hana. Miezi sita alikuwa amekariri mahali pa maneno, si maana yake.

Sasa hapo ndipo sisi watu wa lugha tunapohusika. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika, ya hesabu, yote kwa Kiswahili, bila malipo. Kwa hiyo tulipofunga kontena 2009 ilikuwepo tayari miaka mitano. Je, tuliiweka? Hatukuiweka. Tulisema waajiri wanataka Microsoft. Na wakati huo baadhi yetu, mimi nikiwamo, tulikuwa tunabishana kama chombo chenyewe kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta! Sikatai, mjadala huo una utamu wake. Lakini yule binti angesoma "hifadhi" angejua anatafuta nini, hata pakihamishwa. Kiingereza cha ofisini angefundishwa baadaye, kama somo linalojitegemea.

Hebu niwaeleze kidogo mambo yanavyokwenda hapa, maana nimekaa miaka mingi nikiyaangalia. Kijana wa Laeken asiye na kazi hujiandikisha Actiris, shirika la ajira la Mkoa wa Brussels. Mafunzo hutolewa na Bruxelles Formation kwa wanaotumia Kifaransa, na VDAB kwa Kiholanzi. Kule Molenbeek ipo MolenGeek, iliyoanzishwa 2015 na Ibrahim Ouassari na wenzake, inayofundisha uandishi wa programu vijana ambao shule iliwatema. Si pepo, bwana. Ubaguzi kazini upo na majina yetu yanajulikana. Ila jambo moja wanalifanya sawa: kozi nyingi zina kipindi cha kufanya kazi kwa mwajiri. Swali la "nani atamwajiri" halingojei mwisho wa kozi.

Kijijini mwajiri wa namna hiyo hayupo. Ndiyo maana kunakili kozi ya mjini na kuipeleka shamba hakusaidii. Wazee wetu walilijua hili. Kenya, Baraza la Kitaifa la Makanisa liliuliza 1966 mtoto afanye nini baada ya shule, na kutokana na hilo zikazaliwa polytechniki za vijijini. Tanzania, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975, baada ya Nyerere kuona vyuo vya watu wazima vya Sweden, na zaidi ya 50 vipo hadi leo. Shabaha yao ilikuwa kazi zilizopo pale pale: useremala, ushonaji, uashi, kilimo. Kompyuta ilipoingia, ikaingia kama mgeni wa heshima: chumba chake, pazia lake, kufuli lake. Mwanafunzi wa useremala haigusi.

Basi kazi za kompyuta zilizopo kijijini ni zipi? Mimi naziona mbili hasa.

Ya kwanza ni steshenari. Msicheke. Siku hizi nchini Tanzania maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa mtandaoni, maombi ya kazi serikalini yanapitia Ajira Portal, namba ya mlipakodi na usajili wa jina la biashara vivyo hivyo. Mama mwenye simu ya vitufe atafanyaje? Anakwenda kwa kijana wa steshenari, anamwachia vyeti vya mwanawe, pengine na neno lake la siri. Kijana yule anashika maisha ya watu mkononi, na hakuna aliyemfundisha kutunza siri, kuskani vizuri, au kusoma masharti kabla ya kubofya. Akikosea herufi moja ya jina, mtoto anakosa mkopo mwaka mzima. Na msidhani Ulaya hawahitaji mtu kama huyo: utafiti wa Taasisi ya Mfalme Baudouin ulionyesha kwamba mwaka 2021 asilimia 46 ya watu wa Ubelgiji wa miaka 16 hadi 74 ama walikuwa na ujuzi duni wa kidijitali ama hawakutumia intaneti kabisa.

Ya pili ni ukarani wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika. Kule kwenye korosho, Mtwara na Lindi, mazao hupita stakabadhi ghalani, na kuanzia msimu wa 2024 minada imefanyika kidijitali kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Kilo za mkulima, namba ya akaunti, makato, vyote vinapita mikononi mwa karani. Namba ikikosewa, fedha haziji, na ugomvi wa mwaka umeanza. Huyu anahitaji jedwali la hesabu na uaminifu. PowerPoint ya nini?

Kuna wanaosema vijana wafanye kazi za mtandaoni za makampuni ya nje. Zipo, ila tusizipambe. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichambua maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa.

Nirudi kwenye stoo. Kabla hamjakodi kontena, jueni kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka anayesafirisha vifaa vilivyotumika athibitishe kwa karatasi kwamba kila kimoja kimepimwa na kinafanya kazi, na kifungwe vizuri. Visivyofanya kazi ni taka, na tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea iridhie kwanza taka zozote za umeme. Kwa hiyo ile desturi yetu ya "tupia tu, watatengeneza huko" sasa inaweza kukufikisha mahakamani.

Safari hii niliandikia chuo kabla ya kugusa mashine: mnataka nini, kwa kazi gani, ya nani? Jibu lilichukua wiki tano. Wanataka laptopu 6 zenye betri nzima, skana 1, na mtu wa kukaa Agosti yote akiwafundisha makarani wa AMCOS tatu pamoja na vijana wawili wa steshenari, kwa Kiswahili, kabla minada haijaanza Oktoba. Wanachama wengine wamenuna. Wanasema nimewanyima watoto kompyuta 34. Hizo nimeomba zipelekwe kwa watengenezaji wa hapa hapa Brussels. Nauli ya kontena itamlipa mwalimu, na bado hatujampata. Anayemjua mtu aliyewahi kushika daftari la ushirika na anayeweza Linux, aniandikie.